"Itaendelea" ni deni: jibu kwa mchora katuni wa Mikindani

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Mikindani. Nachora kitabu cha katuni cha mfululizo kuhusu binti anayepeleleza magunia ya korosho yanayotiwa kokoto ghalani. Nimepanga matoleo 12. Toleo la kwanza, kurasa 32 za rangi, nilichapa Dar es Salaam mwezi Februari, nakala 500 kwa shilingi 1,150,000. Mzigo na nauli yangu vilinigharimu 50,000. Nauza 3,000, na dukani namwachia mwenye duka 500. Hadi sasa, Julai, nimeuza 140, nimegawa 30 kwa ndugu na marafiki, 60 ziko madukani na 270 ziko chini ya kitanda. Toleo la pili nimefika ukurasa wa 11. Kwenye WhatsApp naulizwa kila siku litatoka lini, na watu zaidi ya 200 wamesema watanunua. Kuna mtu anataka kununua hadithi yote pamoja na wahusika wake kwa laki tatu. Je, nikope nichape la pili, nimuuzie huyo, au niache?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Kukopa usikope, kuuza usiuze, na kuacha usiache mpaka umalize jambo moja nitakalokuambia huku mbele. Kwanza tupige hesabu, maana barua yako imejaa tarakimu lakini hukuzijumlisha. Sikulaumu. Zangu nilikaa nazo miaka miwili kwenye daftari bila kuthubutu kupiga mstari chini yake.

Umetoa 1,200,000 kwa nakala 500, kwa hiyo kila nakala imekusimamia 2,400. Dukani unapokea 2,500. Faida yako ni shilingi mia. Ukiuza zote 500 kupitia madukani, unabaki na elfu hamsini. Sasa toa zile 30 ulizogawa. Zilizobaki 470, zikiisha zote dukani, zinakuletea 1,175,000. Umeona? Hata nakala ya mwisho ikiondoka, umepoteza 25,000, na hapo mkono wako uliochora miezi yote hiyo hatujaulipa hata senti. Kwa hiyo usiniambie wasomaji wamekukataa. Hasara ulishaifunga siku ile ulipokubaliana bei na mpiga chapa. Nafuu yako pekee ni zile unazouza kwa mkono wako, maana hapo unabaki na mia sita kwa kila nakala.

Najua ilivyokuwa. Uliuliza bei ya nakala 100, ukatajiwa bei ya moja ikakutoa jasho. Ukauliza 500, ikashuka. Ukaambiwa ukichapa 1,000 itashuka zaidi. Hakukudanganya, uchapaji wa ofseti ndivyo ulivyo. Kila upande wa karatasi kubwa unataka pleti zake, na rangi kamili ni pleti nne: siani, majenta, njano na nyeusi. Kuzitengeneza, kuzifunga kwenye mashine, na karatasi zinazoharibika mpaka rangi zikae mahali pake, gharama hiyo ni ile ile uchape 100 au 5,000. Ndiyo maana kadiri unavyoongeza nakala, bei ya moja inashuka. Mashine ya dijitali haina pleti. Nakala ya kwanza na ya mia mbili bei yake karibu ni moja, na hakuna anayekusukuma uchape mlima.

Wengi wetu tunapoanza tunatazama bei ya nakala moja. Tazama fedha yote inayotoka mfukoni, kisha jiulize itarudi lini. Nakala 80 zilizokugharimu zaidi kidogo zikaisha zote zinakuachia mtaji wa kuchapa tena. Hizo 270 za bei nafuu ni korosho zilizonyeshewa. Na kwa kuwa nimezitaja: zitoe chini ya kitanda leo. Upepo wa ghuba ya Mikindani una chumvi, pini zinashika kutu, na kutu inatia doa la kahawia katikati ya kitabu. Zipange juu ya ubao, mbali na ukuta, kwenye maboksi yenye nailoni ndani.

Toleo la pili achana na rangi. Kava iwe ya rangi, ndani wino mweusi tu. Najua inauma, kwani kazi ya rangi ndiyo uliyoipenda kuliko zote, na ni nzuri kweli, nimeona ile picha ya jua likizama nyuma ya Boma. Lakini Wajapani, ambao katuni kwao ni chakula cha kila siku, majarida yao makubwa ya kila wiki huyachapa sehemu kubwa kwa wino mmoja kwenye karatasi duni, na hakuna msomaji anayelalamika. Marekani mwaka 1984 vijana wawili, Kevin Eastman na Peter Laird, walijichapishia wenyewe toleo la kwanza la Teenage Mutant Ninja Turtles, nyeusi na nyeupe, nakala kama 3,000.

Hapo utanijibu: hao nao walikopa kwa ndugu. Ni kweli, walikopa. Lakini kwao kulikuwa na maduka ya katuni tupu, na maduka hayo yanaagiza kabla ya kitabu kutoka na yakishanunua hayarudishi. Hasara ya nakala isiyouzika ni ya mwenye duka. Wewe umetoa mali kauli. Kitabu kikilala, kimelala kwako. Kikichafuka vumbi dukani, ni chako. Duka likifungwa, wewe ndiye wa kuanza kumtafuta mwenyewe. Mimi kuna duka moja lilinimeza nakala 40, na kila nikipita naambiwa bosi amesafiri. Huyo bosi atakuwa ameshazunguka dunia mara mbili. Mkopo juu ya mali kauli ni deni juu ya ahadi, na riba haisubiri bosi arudi safari.

Sasa tuje kwenye lile jambo lenyewe.

Kurasa 11 kwa miezi mitano ni kama mbili na kidogo kwa mwezi. Kwa mwendo huo, toleo la pili la kurasa 32 utalimaliza Mei mwakani. Matoleo kumi yatakayobaki ni kurasa 320, na kwa mwendo huo huo ni miaka 12. Hapo hujaugua, hujaoa, hujaitwa msibani Newala. Binti yako atakuja kumkamata mwizi wa korosho wewe ukiwa na mvi.

Nami yalinikuta. Nilitoa matoleo matano ya hadithi yangu nikiwa hapa Lindi. La tano liliishia kijana wangu akiwa amening'inia ndani ya kisima cha zamani kule Kilwa Kivinje, kamba imebaki uzi mmoja, na chini nikaandika kwa herufi kubwa: ITAENDELEA. Haikuendelea. Fedha ziliisha. Miaka imepita, na yupo mama muuza samaki pale sokoni ambaye kila akiniona huuliza, "Mwalimu, yule mtoto ametoka kisimani?" Tunacheka wote, lakini siku nilipomletea kitabu kingine kabisa, kipya, alikitazama akaniambia atakinunua kikishakamilika. Sikumjibu kitu, maana alikuwa na haki. Alishanikopesha mara moja, sikulipa.

Neno "itaendelea" ni deni, mdogo wangu, na aliyekukopesha ni mtu aliyetoa elfu tatu yake. Ukilipa, anakukopesha tena. Ukichelewa sana anasahau jina la binti, akishasahau jina hanunui. Kwa hiyo lipa kwanza. Toleo la pili limalize kisa. Binti agundue nani anatia kokoto, gunia lifunguliwe mbele ya watu, na ukurasa wa mwisho usiandike "itaendelea" wala nukta tatu. Ile ramani yako ya matoleo 12 iweke kabatini. Ukitaka kuendelea, la tatu liwe kisa kipya cha binti huyo huyo, kinachoanza na kwisha humo humo, ili hata abiria aliyekiokota kwenye kiti cha basi pale Mingoyo aelewe bila kuwa na lile la kwanza. Siri kubwa inayopita matoleo yote unaweza kuwa nayo, ila iwe chumvi, isiwe ugali.

Na likate. Badala ya 32 fanya kurasa 20. Nimechagua 20 kwa sababu kitabu cha kupigwa pini kinakwenda kwa nne nne: karatasi moja ikikunjwa ni kurasa nne, kwa hiyo 18 au 22 utalipia kurasa tupu. Umebakiwa na tisa. Kutoka sasa mpaka mwisho wa Oktoba ni miezi minne, na kwa mwendo wako wa sasa tu unazimaliza. Ukiacha rangi utazimaliza mapema na utapata muda wa kuanza kisa cha tatu. Zile 11 za mwanzo zirudishe kwenye wino wake.

Nimeseti Oktoba makusudi. Februari uliyochagua ilikuwa mwezi mbaya kuliko yote huku kwetu. Fedha ya korosho imeshaisha, ada na sare za Januari zimekomba kilichobaki, mvua inanyesha na watu wako shambani. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na malipo yanaingia kwenye akaunti za wakulima wiki kwa wiki baada ya hapo. Novemba na Desemba ndipo Tandahimba, Newala na Masasi wanaponunua pikipiki, mabati, magodoro, na mtoto akililia kitabu cha elfu mbili hapigwi kofi. Toa Novemba. Peleka faili kwa mpiga chapa wiki tatu kabla, usitegemee basi la siku ya mwisho. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara maeneo ya Somanga, mizigo ya watu ililala njiani, na kama ndani yake kulikuwa na kitabu cha mtu kilichotangaziwa tarehe, pole yake.

Kabla ya kuchapa, mambo mawili ya kazi yenyewe, maana toleo la kwanza nimelisoma kwa lenzi.

La kwanza ni viputo vyako, yale maduara ya maneno wanayosema wahusika. Umejifunza kupanga kiputo kwa kutazama katuni za Kiingereza, na inaonekana. Kiingereza kina maneno mafupi mafupi, yanajipanga kwenye duara kama mchele. Kiswahili tuna "hawatatusikiliza", neno moja lenye upana wa kiputo kizima. Ndiyo maana ukurasa wa 9 umelikata neno mara mbili kwa kistari, na ukurasa wa 17 maneno yamekalia pua ya polisi. Andika maneno kwanza, kwa ukubwa ule ule yatakaochapwa, kisha zungushia kiputo, kisha ndipo mchore mtu kwenye nafasi iliyobaki. Kiputo kiwe kipana kuliko kirefu. Neno likigoma kuingia, badilisha sentensi. Kiswahili hakikosi njia ya pili. Halafu hao wahusika wako wa Mikindani mbona wanaongea kama madalali wa Kariakoo? Wasikilize wazee wa pwani ya kwenu wanavyogombana kuhusu bao. Humo mna viputo vya bure.

La pili ni kuskani. Kurasa tatu umezipiga picha kwa simu, na wino umetoka kijivu. Mchoro wa wino mweusi skani kwa nukta 600 kwa inchi, nyeusi iwe nyeusi na nyeupe iwe nyeupe. Acha sentimita nzima upande wa mkunjo, la sivyo pini inameza maneno. Kwenye kava, vuka ukingo wa kukatia kwa milimita tatu kila upande ili kisu kisiache mstari mweupe. Na prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, usiikubali kwa WhatsApp. Mimi niliidhinisha moja kwa simu nikiwa kwenye daladala, kurasa za 14 na 15 zikapishana, na shujaa wangu akafufuka kabla ya kufa. Lipa nauli, au tuma mtu, ushike nakala moja iliyopigwa pini kabisa mkononi, uifunue ukurasa kwa ukurasa, ndipo useme piga kazi.

Sasa hao 200 wa WhatsApp. Umeshawahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi? Kadi zinarudi zimeandikwa ahadi za kupendeza, na siku ya kulipia ukumbi unamkuta mweka hazina amekaa peke yake na simu isiyopokelewa. Hao 200 ni ahadi. Weka kurasa sita za toleo la pili kwenye kundi, ziishie pazuri, kisha weka lipa namba na sema hivi: atakayelipia kabla ya tarehe 25 Oktoba jina lake linachapwa ndani ya kava. Wakilipa 50, chapa 80. Wakilipa 15, chapa 40. Hakuna aibu katika 40. Na PDF nzima usimtumie mtu yeyote kabla ya karatasi kuuzwa, hata binamu, hasa binamu.

Huyo mwenye laki tatu nimemweka karibu na mwisho kwa sababu ananikera. Huku Kusini tunalijua jambo hili kwa jina lake: kangomba. Mkulima amebanwa, msimu haujafika, anakuja mtu na bakuli lake anampimia korosho kwa bei ya kumwokoa leo na kumliza kesho. Mwaka 1938 huko Marekani vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki za Superman kwa dola 130. Walihangaika mahakamani kwa miongo kadhaa, na ni mwaka 1975 tu, wakiwa watu wazima waliochoka, walipoanza kupata malipo ya kila mwaka na majina yao kurudishwa. Sisemi binti yako ni Superman. Nasema anayetaka kununua wahusika, siyo kitabu tu, ameona kitu ambacho wewe kwa njaa ya Julai hukioni. Mwambie unaweza kumpa ruhusa ya kuchapa toleo moja, kwa Kiswahili, kwa miaka miwili, kwa maandishi, na kila nakala ina sehemu yako. Akikataa, umeshajua alichokuwa anafuata.

Kisheria kazi ni yako tangu ulipoichora. Ndivyo inavyosema Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, kwa hiyo sajili. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Neno "Jarida" na "kila mwezi" viondoe kwenye kava: majarida yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na wewe unatoa vitabu. Andika "Kitabu cha 2", na wapigie MAELEZO, Idara ya Habari ya serikali, kuulizia kabla ya kuchapa.

Zimebaki zile 270. Zile 60 za madukani zikusanye pia. Duka lililouza chini ya tano kwa miezi mitano halikusaidii. Shusha bei iwe 2,000. Ndiyo, ni chini ya gharama, lakini gharama hiyo ilishazikwa Februari, na unachonunua sasa ni wasomaji wa Novemba. Kila atakayenunua andika jina na namba yake kwenye daftari. Daftari hilo lina thamani kuliko nakala zenyewe. Nane Nane iko karibu, na viwanja vya Ngongo hujaa watu wa Lindi na Mtwara wote, wakiwemo walimu na wanafunzi, na mtu aliyekwenda kutazama trekta hushukuru akipata cha kumtuliza mtoto. Tafuta kona ya banda la mtu, weka meza, chora nyuso za watoto kwa penseli kwa mia tano mia tano, vitabu viwe pembeni. Mchoro unavuta umati. Kitabu kinakwenda chenyewe.

Nitakuwa Ngongo tarehe 6 na 7. Niwekee nakala mbili, moja yangu na moja ya yule mama wa samaki. Nitalipa elfu tatu kila moja, bei ya zamani. Ukinipa ya bure nitaiacha mezani.